Sungura Alikojoa Nyekundu, Nikatabasamu

Asubuhi niliyokuta wekundu kwenye banda la sungura wa mtoto, kitu cha kwanza nilichofanya ni kutabasamu.

Naomba msianze kunitukana. Someni kwanza, mkifika mwisho mtanitukana mkiwa na ushahidi.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea nyumbani, chumba cha mbele, mlango unatazama barabara. Mume wangu ni fundi wa majokofu, anatoka asubuhi na begi la spana, anarudi jioni akinuka gesi. Tulioana mwaka jana. Alinioa akiwa na binti wa miaka kumi, ambaye yeye humwita Profesa kwa sababu kila kitu anauliza na kila jibu analiandika.

Wakati tunaoana mtoto alikuwa anaishi kwa mama yake. Baadaye mama yake akapata kazi mji wa mbali, ikabidi Profesa aje kwetu.

Nilifurahi, kusema ukweli. Nilimshonea pazia, nikamshonea mashuka, nikamshonea na gauni la kumpokea.

Akashuka kwenye gari na begi moja na boksi lenye matundu. Ndani ya boksi kulikuwa na sungura mweupe mwenye masikio ya kijivu, ananitazama kama mimi ndiye niliyechelewa.

"Anaitwa Mheshimiwa," Profesa akasema. "Mama kasema nije naye ili nisiwe mpweke."

Asiwe mpweke. Na mimi nimesimama pale na gauni mkononi.

Wivu ulinianza palepale, sifichi.

Gauni alilivaa mara moja. Mheshimiwa alibebwa kila siku. Profesa akirudi shule, viatu bado miguuni, anapiga magoti mbele ya banda. "Umeshindaje, Mheshimiwa? Umekula? Nani kakuudhi?" Wakishamaliza habari zao ndipo na mimi nakumbukwa. "Shikamoo, Anti."

Anti. Muuza mkaa ananiita Mama. Wateja wangu wengine wamenizidi umri na wananiita Mama. Ndani ya nyumba yangu, kwa mtoto ninayemfulia sare na kumsuka nywele, mimi ni Anti.

Jumapili ndiyo ilikuwa inanimaliza. Mama yake anapiga simu, wanaongea saa nzima, mtoto anacheka kicheko ambacho mimi sijawahi kukipata hata kwa kumtekenya. Wakitaka kuagana simu inawekwa kwenye sikio la sungura, naye asalimiwe.

Sungura anasalimiwa kwa simu. Mimi niko mita mbili kutoka hapo, nakanyaga cherehani kwa nguvu ili nisisikie.

Ikafika mahali nikawa na ugomvi na mnyama. Nacheka sasa, lakini wakati ule nilikuwa siwezi kumtazama.

Wiki ya kwanza nilimkuta amejibwaga ubavu, miguu imenyooka, macho nusu. Nikajua kashaenda. Kabla sijajua nihuzunike au vipi, Profesa akacheka.

"Hajafa, Anti. Amejiachia tu. Sungura akijibwaga hivyo ujue anajisikia salama."

Sawa. Yeye ana wiki moja kwenye nyumba yangu na tayari anajisikia salama. Mimi nilikuwa bado navizia nionwe.

Siku nyingine nikamfumania anakula mavi yake mwenyewe, tena anayachukua kulekule yanakotokea. Nikamwita mume wangu kwa furaha.

"Njoo uone uchafu wa Mheshimiwa wenu."

Profesa akatokea na daftari. "Yale laini lazima ayale, Baba, ndiyo yana virutubisho. Yale makavu ya mviringo ndiyo anayaacha. Asipoyala yale laini ndiyo tatizo."

Mume wangu akatikisa kichwa kwa fahari. "Si nilikwambia huyu ni profesa?"

Nikajikaza kisabuni, nikarudi kwenye cherehani.

Na kulikuwa na ile tabia yake ya kupitisha kidevu. Mguu wa meza, kidevu. Kiatu cha Profesa, kidevu. Mtoto akanieleza kuwa anaweka alama ya harufu, ndivyo sungura anavyosema hiki ni changu. Nikatazama. Kila kitu cha nyumba hii kilikuwa kimeshawekewa kidevu, isipokuwa mimi.

Basi, tuje kwenye ile asubuhi.

Profesa alikuwa shule, baba yake kazini. Bandani huwa tunatandika vipande vya vitambaa vinavyobaki kwenye ushonaji, na siku hiyo vilikuwa vyeupe, vya gauni la harusi. Nikainama kufagia. Katikati ya kitambaa kuna doa kubwa, jekundu kabisa.

Nikatabasamu. Halafu nikaogopa tabasamu langu. Halafu nikaogopa zaidi, kwa sababu wiki hiyohiyo nilikuwa nimemwambia mume wangu, mtoto akisikia, kwamba siku nyingine nitamtoa huyu sungura humu ndani kwa mikono yangu. Akifa leo, nani atanisikiliza?

Nikamtia kwenye boksi, kitambaa kwenye mfuko, mguu mosi mguu pili mpaka kwa daktari wa mifugo.

Daktari ni mama mmoja wa makamo asiye na maneno ya ziada. Akamshika Mheshimiwa tumbo, akamwangalia meno, akamgeuza.

"Anakula?"

"Kama analipwa."

"Choo?"

"Punje kavu, nyingi tu."

Akachukua karatasi ya kupimia, akailoanisha kwa mkojo aliouacha kwenye boksi njiani, akasubiri. Akaigeuza nione.

"Hakuna damu. Hii ni rangi tu. Mkojo wa sungura unaweza kuwa wa njano, wa machungwa, wa kahawia, hata mwekundu hivi, kutegemea majani na mboga alizokula. Umefanya vizuri kumleta, maana kwa macho huwezi kuwa na hakika. Lakini huyu ni mzima."

"Na hiyo pua inayochezacheza muda wote?"

"Ndivyo anavyopumua, mama. Wewe ogopa siku akigoma kula, au ukikosa choo bandani siku nzima. Hapo usisubiri kesho, mlete." Akaandika karatasi, akanipa. "Mpe mtoto asome, alale kwa amani."

Nikatoka pale na sungura mzima na karatasi ya amani.

Na roho ikaniuma. Njia nzima nikajiuliza inaniuma nini, na jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimeonja, kwa saa moja tu, nyumba isiyo na Mheshimiwa.

Nikafika nyumbani nikaificha ile karatasi kwenye kopo la vifungo.

Jioni wakiwa wote wawili mezani nikasimama mlangoni, uzi mkononi, nikawaambia kwa macho makavu. "Mheshimiwa anaumwa. Amekojoa damu. Daktari amesema ni figo, na haifai akae chumba kimoja na mtoto. Kuna mteja wangu anafuga, ana nafasi kubwa. Kesho nampeleka."

Mume wangu akashusha kijiko. "Daktari kasema hivyo?"

"Kasema."

"Basi. Kama ni daktari, tutafanyaje."

Profesa hakulia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, nikakosa hata chozi. Akanitazama, akatazama mikono yangu, akanitazama tena.

"Huko anakokwenda atakuwa na wenzake?"

"Wengi tu."

"Sawa, Anti."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Akambeba mwenyewe mpaka kwenye boksi, akamkuna katikati ya masikio, sungura akasaga meno polepole kama wanavyofanya wakiona raha. Halafu akanipa daftari lake.

"Mpe huyo atakayekaa naye. Asije akashtuka bure."

Mteja wangu tulipatana tukutane kwenye duka la vitambaa. Nikatangulia. Nikaketi kwenye benchi la nje, boksi miguuni, daftari mapajani. Sina subira ya kukaa bure, nikafungua.

Ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa: DALILI ZA KAWAIDA ZA MHESHIMIWA. USIOGOPE.

Yote yalikuwemo. Kujibwaga. Kidevu. Mavi laini. Kuruka juu na kujikunja hewani akifurahi. Nikafungua ukurasa wa pili.

"Akikojoa nyekundu si lazima iwe damu. Ilitokea mara mbili kwa Mama, tukampeleka akapimwa, daktari akasema ni rangi ya chakula. Ila mpeleke tu ili uwe na hakika."

Nikaurudia mstari ule kwa kidole.

Mtoto alikuwa anajua. Jana, mezani, nikimdanganya na uso wangu wa huruma, alikuwa anajua na alinyamaza.

Chini ya hapo: "Akipiga mguu chini kwa nguvu, pu, pu, usimgombeze. Hajakasirika. Anaogopa kitu ambacho wewe hukioni. Kaa karibu naye, usimshike, subiri."

Nikataka kulifunga. Lakini nyuma ya daftari, upande wa pili kabisa, nikaona limeandikwa tena, limegeuzwa. Kichwa cha habari kilekile, jina tofauti.

DALILI ZA KAWAIDA ZA MAMA WA HAPA. USIOGOPE.

Nilisoma kile kichwa mara tatu. Mama wa Hapa.

"Akiimba huku anakata kitambaa, unaweza kuomba ruhusa ya kwenda kucheza.

"Akikusuka nywele huwa havuti hata ukijitikisa. Hii ndiyo namna yake ya kusaga meno.

"Jumapili Mama akipiga simu, anakanyaga cherehani kwa nguvu, pu, pu, pu, hata kama hakuna nguo. Mwanzo nilidhani ananichukia. Halafu nikakumbuka Mheshimiwa. Anaogopa. Nadhani anaogopa nitarudi kwa Mama nimwache.

"Usimwite Mama ghafla, atashtuka. Subiri mpaka ajiachie.

"Akisema uongo anazungusha uzi kwenye kidole. Alizungusha siku aliyosema keki haijaungua."

Na mstari wa mwisho, wino bado mpya:

"Leo amezungusha uzi. Sitamwambia Baba. Labda Mheshimiwa akiondoka ataacha kuogopa."

Nililia kwenye benchi la watu. Nililia mpaka muuza duka akanitolea glasi ya maji akidhani nimefiwa.

Mteja wangu akafika, anachungulia boksi. "Ndiye huyu? Mbona mzuri hivi?"

"Samahani, dada. Haondoki."

"Si ulisema mgonjwa?"

"Mgonjwa ni mimi."

Nikabeba boksi langu nikarudi.

Profesa alikuwa amekaa mbele ya banda tupu, anakunja vile vipande vya vitambaa kimoja kimoja. Baba yake alikuwa anatengeneza feni. Nikaweka boksi chini, nikaenda kwenye kopo la vifungo, nikatoa karatasi ya daktari, nikampa mume wangu mbele ya mtoto.

"Nilidanganya. Sungura ni mzima. Nilitaka aondoke kwa sababu nilimwonea wivu."

Akasoma. Akasoma tena. "Unamwonea wivu sungura?"

"Sungura, na simu ya Jumapili, na kila kitu."

Alikasirika, msidhani alinikumbatia. Aliniambia kwamba uongo kama ule kwa mtoto hakuutegemea kwangu, akachukua feni yake akaenda kumalizia nje. Siku tatu alinijibu kwa neno mojamoja. Nilistahili.

Profesa yeye alikuwa ananitazama mikono.

"Huna uzi," akasema.

"Sina. Leo ni kweli."

"Umesoma nyuma?"

"Nimesoma."

Akainamisha kichwa. "Nilijua utasoma. Wewe unasoma hata magazeti waliyofungia maandazi."

Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi alikuwa amenipa nafasi ya kurudi, akaniwekea mkononi, bila kunisema kwa baba yake. Mimi mtu mzima nilikuwa nimeficha karatasi kwenye kopo.

Nikakaa chini, sakafuni, mgongo ukutani. Nilikuwa nimechoka. Nikanyoosha miguu, nikaegemeza kichwa, nikafumba macho. Mheshimiwa akatoka kwenye boksi, akarukaruka, akafika kwenye mguu wangu ule wa kukanyagia cherehani.

Akapitisha kidevu.

Nikacheka huku machozi yanatoka. Nikasikia Profesa anafungua daftari, anaandika, anasoma kwa sauti ndogo anapoandika.

"Akilia huku anacheka, kawaida." Akashuka mstari. "Akijibwaga chini, amejiachia."

Halafu akaniuliza, bila kuinua macho kwenye daftari: "Mama, kesho simu ikipigwa utakuja kusalimia na wewe?"

Nilikwenda. Cherehani ilinyamaza siku hiyo. Mama yake aliniambia asante kwa kumlea mtoto, nikaiweka simu kwenye sikio la sungura.

Somo langu ni hili, chukua linalokufaa. Kama una mtoto wa mwenzio nyumbani, acha kuhesabu anampenda nani zaidi. Wakati wewe unahesabu, yeye anakusoma ukurasa kwa ukurasa, na huenda ameshakuelewa kuliko unavyojielewa.

Na sungura wenu akikojoa nyekundu, mpelekeni akapimwe. Halafu mkirudi nyumbani, semeni alichosema daktari.