Tanzia ya Kirusi Pale Rahaleo

Mimi ni mtu wa ndani. Wenzangu waliomaliza sekondari walikwenda Dar es Salaam. Mimi nilifika barazani kwa shangazi, hapa Rahaleo tunapoishi, nikaona jua kali, nikarudi ndani. Safari zangu zilikuwa vitabuni. Kimoja, alichoniachia mwalimu aliyehamishwa, kilikuwa cha tanzia alizoandika mwanafalsafa mmoja wa Kirusi, mtu wa dini hasa.

"Mrusi na dini wapi na wapi?" shangazi yangu alinicheka. "Si wanasema hao hawana Mungu?"

"Huyu wa zamani, shangazi."

"Ndiyo maana kazi yake ni maiti tu."

Nilimpenda. Rafiki yake akifa, anamlilia ukurasa mmoja, kisha kurasa zilizobaki anabishana naye: hapa ulikosea, pale ulikuwa mkaidi, tutamalizana huko huko mbele ya Mola. Nikaona huo ndio upendo.

Mume wa shangazi alipofariki, shangazi akaniomba niandike maneno ya kusoma siku ya arobaini. Shemeji zake walikuwa wanakuja kutoka kijijini kwao Kitaya, na siku zote walinung'unika kwamba yeye ndiye aliyemzuia ndugu yao asirudi kwao.

"Wasikie kuwa mtu wao aliishi vizuri kwangu," alisema. "Basi. Usinitilie Kirusi."

Nikatia.

Dua ilipokwisha, nikasimama: "Mzee, ulikuwa mkarimu. Lakini ubishi ule wa nini? Ulibishana na mwadhini juu ya alfajiri. Mikorosho ya kisasa ya watafiti wa Naliendele uliitukana hata hujaiona. Na kila Idi mkeo alikufungia mzigo wa kwenda Kitaya, ukaufungua, ukisema hukanyagi huko mpaka uombwe radhi ya mbuzi wako wa utotoni!"

Shehe aliangalia mkeka kana kwamba umeandikwa kitu. Nyuma ya pazia, kwa wanawake, nilisikia shangazi akivuta pumzi, nikajua leo silali humu.

Akainuka mtani wa ukoo, ambaye msibani ndiye pekee mwenye haki ya kumsema marehemu.

"Wewe! Nani kakupa ruhusa? Nimetoka kwangu na matusi yangu mazuri, nakuta yamekwisha! Faini, kuku!"

Watu wakaangua kicheko, isipokuwa kaka mkubwa wa marehemu.

"Mbuzi?" aliuliza. "Yule mweusi? Mbona nilimchinja mimi! Alikula mihogo ya mama." Akajifuta uso. "Na sisi miaka yote tunasema ni mke."

Akageukia pazia. "Shemeji, tulikusingizia. Tusamehe."

Ikatoka sauti ya shangazi, laini kabisa:

"Nimesikia, shemeji. Ila rudia kwa nguvu kidogo. Hawa wa huku nyuma hawajasikia vizuri."

Akarudia. Mtani akamsaidia kupaza.