Nyumba ya Kulala Mchana

Watu wengine wakienda kuangalia nyumba ya kupanga hufungua bomba, huwasha taa, huchungulia choo, kisha huanza kuilalamikia kodi hata kabla hawajatajiwa ni kiasi gani. Mume wa Mama Pacha hakuwa na habari na hayo. Aliingia chumba cha kulala, akatandika boksi alilokuja nalo kwapani, akavua viatu, akajilaza chali sakafuni na kufumba macho.

"Anaumwa?" dalali aliuliza.

"Anakagua," Mama Pacha alijibu kwa kunong'ona.

Dalali, ambaye kwa kazi yake ameshaona vituko vya kila namna, alitoka kusubiri kwenye korido.

Mume huyo alikuwa mwoka mikate. Aliingia kiwandani jua likizama, akatoka wakati wenzake wanapiga mswaki, ndiyo maana majirani walimpachika jina la Popo, naye akaliitikia bila kinyongo. Shida ni kwamba popo wa kweli hulala mchana, na huyu usingizi ulimpiga chenga. Walipokuwa wanaishi palikuwa ukuta kwa ukuta na karakana ya mageti. Kila asubuhi alipoweka tu kichwa kwenye mto, mafundi nao waliwasha mashine ya kukatia vyuma. Juma lililopita alisinzia amesimama mbele ya tanuri, akaungua mkono kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko. Msimamizi wake alimpa pole, tena pole ya dhati, kisha akamwambia kwamba akisinzia mara nyingine itabidi akalale nyumbani moja kwa moja.

Mama Pacha alikuwa amefanya kila alichoweza. Mafundi wa mageti hakuweza kuwanyamazisha, basi akajinyamazisha mwenyewe. Alitembea peku ndani ya nyumba. Sufuria aliziosha kama anayeosha mayai. Pacha wake, siku ambazo hakuna shule, walijifunza kugombana kwa ishara, na ukiwakuta wamekabana mashati bila hata neno ungecheka mpaka ulie. Miaka ilivyozidi kwenda, kunong'ona kukamganda mwilini. Hata sokoni muuza vitunguu alikuwa akimwinamia na kumwambia, "Dada, sema tu, hapa hakuna mgonjwa."

Kabla ya hii walishaangalia nyumba tatu. Mbili za kwanza zilikuwa na kelele, zikakataliwa papo hapo. Ya tatu ilikuwa kimya kabisa, na Mama Pacha aliyekuwa amejibanza kwenye korido, amebana pumzi, alishaanza kupanga vitanda kichwani. Lakini Popo alinyanyuka akatikisa kichwa.

"Sasa hapa kuna kelele gani, Baba Pacha?"

"Hakuna. Nimelala tu nasubiri, wala sijui nasubiri nini."

Siku hiyo alimkasirikia mumewe, kwa mara ya kwanza tangu mkono ule uungue. Mtu anatafutiwa kimya, anapewa kimya, bado anakunja uso!

Kwa hiyo kwenye nyumba hii ya nne hakuwa na matumaini makubwa. Alikifunga chumba polepole, akamfuata mwenye nyumba kwenda kuona jiko. Mwenye nyumba alikuwa bibi mnene anayeishi ghorofa ya chini, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Mama Pacha alijiwekea kidole mdomoni kumwashiria apunguze sauti. Bibi hakuelewa, au alijifanya.

"Mwanangu, mlango huu wa jikoni una kiburi," alisema. "Haufunguki kwa mkono. Mpaka uupige nyonga. Hivi!"

Akaupiga nyonga. Mlango ukagoma. Akaupiga tena, ukagoma vilevile.

"Ngoja, tusaidiane," alisema. "Moja, mbili..."

Mlango ulifunguka kabla ya tatu. Wote wawili waliingia jikoni kwa kasi, bibi akaishia kukaa kwenye beseni la kuoshea vyombo, Mama Pacha akaishia mapajani mwa bibi. Wakatazamana. Kisha Mama Pacha akacheka. Hakikuwa kicheko cha kuziba mdomo. Kilitoka tumboni, kikamshika mbavu, na kila alipojaribu kusimama akaona lile beseni na kuanza upya.

Ghafla akamkumbuka mumewe. Alitoka mbio mpaka kwenye korido, akamkuta dalali ametega sikio mlangoni.

"Mama," dalali alisema, "mumeo anakoroma."

Kweli alikuwa anakoroma. Alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi, mkono wenye bandeji kifuani. Bibi alikuja nyuma yao akasema kwa sauti yake ileile, "Masikini, huyu kachoka," na Popo hakutikisika hata kope. Dalali alianza kulalamika kwamba ana wateja wengine. Mama Pacha alimwambia awaendee, yeye hamwamshi mtu.

Popo alizinduka jua likiwa limeshahama dirishani. Akaketi, akijifuta mate kwa aibu.

"Pale jikoni nimekupigia kelele," Mama Pacha alinong'ona. "Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Nimesikia kishindo, halafu nikakusikia unacheka." Alivuta viatu vyake, akaanza kuvaa. "Kule nyumbani hata mafundi wakipumzika silali. Nyumba nzima kimya, na mimi najua uko upande wa pili umebana pumzi kwa ajili yangu. Mtu atalalaje hivyo? Leo nimesikia unacheka, nikasema, kumbe yuko salama. Basi, sikumbuki kingine."

Mama Pacha alishikwa na furaha na uchungu kwa pamoja, asijue aanze na kipi. Miaka yote hiyo alidhani anamlindia usingizi wake. Alitaka kumwomba msamaha tena, akaona hapana, ya msamaha yametosha.

Alitoka hadi kwenye ngazi za nje. Dalali, aliyekuwa amesubiri mpaka akachoka, alikuwa ameshafika barabarani, anavuka. Zamani angeshuka amkimbilie, amguse bega, amwambie taratibu.

"Kaka!" aliita kutoka pale juu. "Kaka, rudi! Tunahamia!"

Sauti ilitoka ikikwaruza, lakini mtaa mzima uligeuka, na dalali naye.