Zapomni ya Baba, Zapomni ya Mandla

Enzi zetu, sisi tuliozaliwa Morogoro kwa mama Mtanzania na baba mkimbizi wa siasa, kisha tukaletwa Johannesburg nchi ilipofunguka, Jumamosi ilikuwa siku ya baba mdogo Mandla. Alikuwa rafiki wa baba tangu uhamishoni. Lifti ya ghorofa letu pale Joubert Park ilikuwa mbovu tangu tuhamie, kwa hiyo tulimsikia akihema ngazini kabla hajapiga hodi. Mama alikuwa ameshaoka mkate.

Baba alisomea Urusi, Mandla alisomea Praha, na wote walirudi na lugha ambazo mjini hapa hawakuwa na wa kuzizungumza naye. Basi waliongea wao kwa wao, kila mmoja kwa yake, juu ya chai ya tangawizi. Maji ni voda huku, voda kule. Mkate ni hleb kwa wote. Baba alisema lugha hizo ni ndugu, kama Kiswahili chetu chenye mtu na Kizulu chenye umuntu.

Siku moja Mandla alimega mkate wa moto, akafumba macho. "Shemeji, mkate huu cherstvi kabisa!"

Baba akaweka kikombe chini. "Eish, Mandla! Mke wangu kaoka sasa hivi, wewe unasema umekauka?"

Kumbe kwa Kicheki neno hilo ni mkate uliotoka jikoni, na kwa Kirusi ni mkate mkavu wa juzi. Mama alinuna mpaka akaelezwa, na hata baada ya kuelezwa akaendelea kununa kidogo, kwa raha zake.

Lililotuchekesha zaidi ni zapomni. Baba akitufundisha jambo, kama jina la mtaa wetu tusije tukapotea, alisema, "Zapomni!" yaani kariri, lishike kichwani. Nasi tulirudia kwa sauti mpaka atosheke. Mandla alicheka mpaka machozi. "Kule Praha neno hilohilo, kasoro irabu tu, ni kumwambia mtoto asahau!" Shina ni moja, baba alieleza, ni lile la kumbukumbu, mmoja anaiingiza, mwenzake anaitoa. Mama hakuwa na haja na mashina. Alichukua maana ya Mandla, na tukigombana alisema, "Zapomni, yaishe."

Wanangu leo ukiwauliza kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kizulu, na wasilolijua wanaiuliza simu. Hawakariri kitu. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na maradhi ya baba. Kwanza kilimtoka Kiingereza, kisha njia ya kwenda Park Station, kisha jina langu, Lindi. Siku hizi ananiita dada.

Mandla alifariki majira ya baridi yaliyopita. Baba alikuwepo makaburini, hata koleo alishika. Lakini kila Jumamosi alivaa koti, akakaa karibu na mlango. "Mandla mbona amechelewa?" Tukimwambia, alilia kama mtu anayepewa habari kwa mara ya kwanza. Kisha alisahau, akauliza tena, akalia tena. Mama alikonda kwa kumtazama.

Jumamosi moja mama aliketi mbele yake, akamshika mikono. "Baba Lindi, Mandla amekufa. Zapomni, mume wangu. Zapomni."

Alikusudia zapomni ya Mandla. Baba akakaa wima.

"Mandla amekufa," akasema. "Mandla amekufa. Mandla amekufa."

Alirudia kwa sauti, taratibu, vilevile alivyotufanya sisi turudie. Mama alimziba mdomo kwa kanga, lakini neno lilikuwa limeshaingia.

Hajauliza tena. Akituona asubuhi anatusalimu kwa adabu kama wageni, kisha anatupa habari: Mandla amekufa. Enzi zetu alitukaririsha njia ya kurudi nyumbani. Leo nyumba yenyewe, mkewe, mimi, vyote vimemtoka. Kimebaki kitu kimoja tu kichwani mwake, na aliyemkaririsha ni mama.