Laini Saba Nyeusi

Siku tatu nzima niligombana na hiyo programu ya takwimu. Kazi yangu kwa kliniki ya Kayole, ya kwanza tangu nimalize sekondari, ilikuwa kuingiza kilo za watoto kwa kompyuta. Kila Jumatatu asubuhi programu inatoa ripoti yenyewe, laini moja mtoto mmoja, halafu wahudumu wa mtaa wanabeba karatasi wanaenda kutembelea manyumba. Shida ni laini zote zilikuwa zinafanana. Mtoto anakonda na hakuna mtu anaona.

Nikasema hiyo maneno nitaimaliza. Mtoto akipunguza kilo kuliko mwezi uliopita, laini yake yote iwe nyekundu, kutoka jina hadi namba ya nyumba. Mwanzo ikapaka kilo peke yake. Nikabadilisha, ikakataa kupaka kabisa. Kumbe inasoma laini kutoka kushoto kwenda kulia kama mtu na gazeti, na mimi nilikuwa naiuliza kilo za mwezi huu kabla haijafika hapo. Nikasongesha sheria yangu hadi safu ya mwisho. Ikashika! Laini saba, nyekundu nzito ya damu. Nikapiga makofi peke yangu.

"Haya injinia," nesi akasema, "leo chai ni wewe."

Mmoja wa hao saba nilikuwa namjua. Mama yake anauza nguo za watoto soko la Gikomba, na siku ya kupima alikuwa ametuchekesha. "Huyu hanipi hasara. Nguo za miezi sita bado zinamtosha." Mtoto mwenyewe alikuwa amepita mwaka.

Wiki mbili baadaye mhudumu mmoja, mama mzee ambaye ameifanya hii kazi kabla nizaliwe, akarudisha karatasi. Kila laini ina tiki, isipokuwa saba.

"Mathe, na hawa?"

"Si hao mlikata?"

"Nani alikata?"

Akaikunjua kwa meza. Printa ya kliniki haina rangi. Nyekundu yangu ilikuwa imetoka nyeusi tititi, jina halisomeki, nyumba haisomeki. Na kwa madaftari yao, mtoto akihama ama akifa, wanapaka laini yake yote na biro, ndio mtu mwingine asiende kumuuliza mama mtoto ako wapi.

"Sisi ikipakwa hivyo, huyo ameenda," akasema. "Hatugongi huo mlango."

"Sasa mbona hukuniuliza?"

"Nikuulize nini, mwanangu, na kompyuta ndio imesema?"

Hizo wiki zote sikuwahi kushika hiyo karatasi hata mara moja. Nilikuwa naangalia skrini, naona nyekundu, naenda zangu. Haraka yangu.

Tulitoka hiyo mchana mimi na yeye, majina saba nimeyaandika kwa mkono. Sita tuliwapata, wawili wakiwa hali mbaya. Mlango wa saba, wa huyo mama wa Gikomba, ulikuwa na kufuli mpya.

"Huyo mama alihama wiki jana," keateka anayeangalia hiyo plot akasema. "Katoto kalikuwa kamelala tu kwa mgongo, hata kulia hakalii. Nafikiri walienda ushago, kwao mashambani."

"Ushago wapi?"

"Sasa sistee, mimi nitajuaje?"

Nikapiga simu ya mama. Mteja hapatikani. Nimeipiga kila siku tangu hiyo siku, na bado ni mteja.

Rangi niliitoa. Siku hizi laini inaanza na nyota kubwa, na kila Jumatatu nasimama hapo kwa printa nasoma karatasi yote kabla wachukue. Wahudumu wananiambia pole. Afadhali wangenitukana.

Nesi anataka nimtoe huyo mtoto kwa orodha, eti ashahama. Sijamtoa. Kumtoa ni kumkata mara ya pili, na hii itakuwa mkono wangu, si printa. Kwa hivyo Jumatatu ikifika programu inamsoma kutoka kushoto hadi kulia, inapata kilo zake za mwisho, inamwekea nyota. Mama mzee anaiona, anafika hadi kwa hiyo plot, anapata wapangaji wengine, anarudi na karatasi. Hapo kwa laini yake hajaweka tiki. Hajapaka biro pia.