Mkono wa Mama Uliposhuka Nyakahanga

Tulitoka Kituntu msimu wa kuanika kahawa, kwa kuwa sikio la kushoto la mama lilizidi kuziba. Majirani walishaanza kusema anaringa, haitikii salamu. Mimi niliomba Mungu iwe nta tu. Nta huoshwa, mtu akarudi shambani kwake.

Njiani tulipata lori la magunia lenye usukani wa kushoto, tukabanana mbele na dereva. Alimsemesha mama upande ule mbovu, naye akaitikia kila baada ya sentensi, "Eee... eee." Ndivyo tunavyolelewa kwetu: mtu akikusimulia, unamwitikia hadi mwisho. Kumnyamazia ni kumtukana.

Adhuhuri tulifika Nyakahanga, kwa daktari wa masikio aliyekuja na mashine ya kupimia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alimweleza kwanza: akisikia sauti ainue mkono, ikipotea aushushe. Kisha akamvika visikilizio. Upande wa kushoto, mkono wa mama ulipanda, ukabaki juu. Daktari akaniambia ni dalili njema, nikashusha pumzi. Lakini sikuyapenda macho ya mama. Yalimwangalia daktari kama mgeni asiyemaliza hadithi yake. Alipovuliwa visikilizio nikamuuliza, "Mama, sauti ilikuwepo muda wote?"

"Ilikufa mapema. Lakini daktari mwenyewe alikuwa bado na mashine yake, ningemkatizaje?"

Daktari akacheka, kisha akaacha kucheka. Akamwambia aushushe mkono sauti ikifa, hata kama yeye hajamaliza, akarudia kipimo. Safari hii mkono ulishuka upesi, na kidole cha daktari kilikuwa bado kwenye kitufe. Akaongeza sauti, ukapanda, ukashuka tena. Sauti kubwa iliyomfanya mama akunje uso ilipopigwa sikio la kulia, kushoto aliiona ndogo.

"Mshipa wa fahamu unachoka," aliniambia mlangoni. "Nahofia kuna uvimbe unaukandamiza. Aende Dar es Salaam. Huenda akapasuliwa kichwa."

Nililijutia swali langu, ingawa bila hilo tungerudi nyumbani na uongo.

Jioni tulishukia njia panda, tukaingia migombani kwa miguu. Nilimweleza yote kwa sauti ya chini, wapita njia wasisikie: uvimbe, safari, kisu. Aliitikia vizuri kila neno.

"Utakubali wakupasue, mama?"

"Eee."

"Huogopi?"

"Eee," akasema, akitabasamu.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kuitikia si kusikia. Njia yote nilikuwa nimetembea kushoto kwake. Nililia kidogo, nikajifuta, nikahamia kulia, nikaanza upya.