Gitaa la Shingo ya Rangi Mbili

Asheri, fundi wa magitaa wa Makorora, hakumruhusu mpigaji yeyote alione gitaa kabla hajalisikia. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya nyumba yake, na aliyeikataa alionyeshwa njia ya kutokea, awe tajiri au fukara.

Mteja alipofika alipewa kigoda kwenye chumba cha mbele, akaelekezwa uso kwenye shuka la merikani lililotundikwa mlangoni mwa karakana. Nyuma ya shuka, mtu alipiga wimbo mmoja kwa kila gitaa lililokuwamo nyumbani, moja baada ya jingine. Mteja akishasema lipi limempendeza, ndipo shuka liliposhushwa. Hapo hapakuwa na kurudi nyuma. Mteja hakuweza kusema kwamba alidhani ni lile lililopambwa maua ya ganda la chaza, wala fundi hakuweza kusema kwamba hilo haliuzwi. Lililochaguliwa na sikio ndilo lililotoka.

"Jicho ni shahidi mlevi," Asheri alikuwa akisema. "Huapa kwa asichokiona."

Sheria hiyo hakuiokota barabarani. Aliteremka kutoka Ushambaa akiwa kijana, yeye na kaka yake Noa, wakaandikwa kazi kwenye shamba la mkonge karibu na Muheza. Asheri alikuwa amefundishwa useremala na wamisheni. Noa alikuwa amezaliwa na vidole vya mpigaji. Mama yao alikuwa amewapa kasha la mkangazi la kutilia nguo, kasha kuukuu lililokauka juu ya uchaga wa jikoni kwake tangu wao hawajazaliwa. Wakalivunja, wakatengeneza gitaa. Mbao za kasha hazikutosha shingo, ikabidi waunge kipande cha mti mwingine, na shingo ikatoka nusu nyekundu, nusu nyeupe kama mfupa. Jumapili moja kambini alikuja mpigaji mwenye gitaa lililobandikwa vioo. Watu wote wakamzunguka, wakamcheka Noa na shingo yake ya viraka. Noa alisubiri jua lizame nyuma ya mabweni na vioo viache kumeta, kisha akaanza kupiga. Waliokuwa kwenye vioo wakahama mmoja mmoja, mpaka mwenye vioo mwenyewe akaja akakaa chini.

Noa alikufa kwa homa ya mapafu katika masika yaliyofuata. Asheri aliacha mkonge, akahamia Tanga mjini na randa yake, misumeno yake na gitaa lile.

Na hapa lazima isemwe kweli, maana kusifu mtu kwa kumficha kasoro ni kumtukana. Asheri aliivunja sheria yake mwenyewe kwa gitaa hilo. Lilitundikwa chumbani, juu ya kitanda, na halikupigwa kamwe nyuma ya shuka. Moyoni alijitetea kwamba chumbani si karakana. Kila Jumapili, wakitoka kanisani, alilishusha, na mkewe Ruthi akaimba tenzi huku yeye akimpigia. Binti yao Lea alijifunza kutembea kwa muziki huo. Lilikuwa jambo jema, lakini mtu anayetunga sheria ya nyumba kisha akajitobolea mlango wa uani hana tofauti na mzee wa baraza anayehukumu wezi akiwa na kuku wa jirani bandani.

Katikati ya miaka ya hamsini alitokea Haji, mpigaji wa gitaa la kuongoza katika klabu moja ya dansi pale Mabawa. Alikuwa kijana wa mjini hasa, suruali imenyooshwa kwa pasi mpaka inakata nzi. Gitaa lake lilitoka dukani, jeusi, limepakwa vanishi nene inayong'aa kama kiatu cha askari, na kuzunguka tundu lake kulikuwa na maua ya chaza. Wasichana waliposema gitaa la Haji ni tamu, nusu ya utamu walikuwa wameula kwa macho.

Siku moja Haji alipita Makorora, akaambiwa akae kwenye kigoda. Akacheka.

"Mimi nikae nitazame shuka kama bibi harusi? Fundi, bidhaa nzuri haijifichi!" Kisha akageukia watu barabarani. "Gitaa la Makorora ni sanduku la dagaa lililotiwa nyuzi. Ndiyo maana linavishwa buibui!"

Maneno ya mtu maarufu husafiri bila nauli. Mwezi ule ule vijana waliokwisha kuchagua magitaa hawakuja kuyachukua. Mwatumu, aliyeuza vitumbua mkabala na karakana, alizoea kumpokea kila mteja kwa utani. Sasa hakuwa na wa kumtania ila Asheri.

"Fundi, leo umewauzia wangapi? Au dagaa hawajaingia?"

"Kaanga vitumbua vyako, Mwatumu. Vinaungua."

"Vinaungua, lakini vinanunuliwa!"

Asheri alitengeneza viti. Viti navyo vikakosa wanunuzi. Jioni moja Ruthi aliweka chakula mbele yake, akabaki amesimama.

"Baba Lea, nimemsikia mnyapara wa shamba la zamani anaandika watu tena."

"Nimesikia."

"Basi usiniambie siku ya kufunga mizigo. Niambie leo, nizoee."

Asheri alitazama mikono yake. Miiba ya mkonge ilikuwa imemwachia makovu ambayo hayakuota nywele. Alikuwa ameapa juu ya kaburi la Noa kwamba hatarudi kule. Lakini kiapo hakijazi sufuria, na hilo alilijua.

"Masika yakiisha," alisema, "kama hapajatokea kitu, tutakwenda."

Masika ndiyo yaliyomtetea. Unyevu wa pwani haubembelezi gundi mbaya. Magitaa mawili ya klabu ya Haji yalifumuka migongo siku ya dansi, watu wakiwa uwanjani. Mwenyekiti wa klabu, Mzee Mselem, alikuwa mtu wa haki asiyependa kelele. Haji alimshauri anunue mengine ya dukani. Mwinyijuma, aliyempigia Haji gitaa la kuitikia, alimshauri aende kwa Asheri. Mzee Mselem akawachukua wote wawili, na gitaa jeusi la Haji pia, wakaenda Makorora.

"Shikamoo, mzee," Asheri alisema.

"Marahaba, fundi. Nimekuja kwa sheria yako. La Haji litapigwa pamoja na yako, nyuma ya shuka. Mwinyijuma atapiga. Mimi nitasimama mlangoni, nione pande zote mbili, asije mtu akasema pana mazingaombwe. Haji akilichagua lake, klabu itanunua dukani na maneno yaishe. Akichagua lako, atakwenda nalo dansini, na magitaa ya klabu utayatengeneza wewe. Haji, umeridhika?"

"Nimeridhika mno!" Haji alikaa kwenye kigoda, akakunja nne. "Gitaa langu nalijua kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Lakini nami nina neno. Fundi, sheria inasema yote yaliyomo nyumbani, sivyo? Hukuficha jingine huko ndani?"

Watu walikuwa wamekwisha kujaa mpaka barabarani. Mwatumu ameacha karai lake. Ruthi amesimama kwenye mlango wa chumbani, Lea ameshika kanga yake.

Asheri alifungua kinywa aseme hapana. Neno moja, na hakuna ambaye angejua. Alikuwa amelisema moyoni miaka mingi, kwamba chumbani si karakana, na halikuwahi kumkwama. Siku ile lilimkwama. Alikuwa anataka mbele ya mji mzima watu waiamini sheria yake, naye mwenyewe alikuwa akiikwepa.

"Lipo moja," alisema.

Ruthi alimtazama, kisha akampisha. Asheri aliingia chumbani, akalitoa gitaa la Noa limefunikwa kwa kitambaa, akalipitisha nyuma ya shuka.

Mwinyijuma alianza. Alichagua wimbo wa kawaida, wa kubembelezea watoto, usio na mahali pa mpigaji kujificha. Gitaa la kwanza Haji alilisikiliza akipiga mluzi. La pili mluzi ukakoma. La tatu lilitoa sauti ya kukauka, kama mtu anayesemea ndani ya mtungi, na Haji akabetua mdomo.

"Hilo mpeni muuza dagaa!"

Watu wakacheka. Mzee Mselem, aliyekuwa akiona pande zote mbili, hakucheka. Alitazama chini akajikohoza.

Kisha likaja la nne. Sauti yake haikuwa kubwa. Ilikuwa pana, ilijaza chumba bila kumsukuma mtu, na kila uzi uliacha nafasi kwa mwenzake. Huko barabarani maneno yalikatika. Haji alikunjua mguu, akainama mbele, akafumba macho. La tano lilipokuja hata hakulingoja limalize.

"Basi, basi!" Alisimama. "Msihangaike. Ni la nne. Mlidhani nitapotea? Lile ndilo langu! Wallahi, hata ningekuwa usingizini ningelijua. Shusheni shuka!"

Mzee Mselem akashusha shuka.

Mwinyijuma alikuwa ameketi na gitaa la tano mapajani, na wala halikuwa jeusi. Magitaa manne mengine yalikuwa yamesimamishwa ukutani kwa mpango yalivyopigwa. La tatu lilikuwa lile jeusi la dukani, maua yake ya chaza yakimeta vizuri kabisa. La nne lilikuwa gitaa kuukuu, limepauka, lina kiraka tumboni na shingo nusu nyekundu nusu nyeupe.

Halafu Mwatumu akapiga kigelegele ambacho bila shaka kilifika Mabawa.

"Mama kamkana mwanawe! Kampa muuza dagaa!"

Nyumba ikalipuka. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Aliyekuwa barabarani alimuuliza wa mlangoni, wa mlangoni akashindwa kujibu kwa kicheko. Vijana walioacha magitaa yao mezani kwa fundi walikuwa wa kwanza kupaza sauti, wakamnyanyua Asheri, kichwa chake kikagonga boriti. Mzee Mselem alimpa mikono yake yote miwili.

"Magitaa yote ya klabu, fundi. Yote. Na mtu asinitajie duka tena."

Asheri alimtafuta mkewe kwa macho. Ruthi alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, amembeba Lea juu ili aone. Hakuna aliyekwenda kwenye mkonge mwaka ule, wala mwaka wowote baadaye.

Haji alibaki amesimama. Aliliendea lile la nne, akalichukua, akalipiga mwenyewe, taratibu. Alipoinua uso, majivuno yalikuwa yamemtoka, na alionekana kijana zaidi.

"Nimejichapa kwa fimbo yangu," alisema. "Nilitangaza uongo barabarani, basi na kweli nitaitangaza barabarani. Fundi, nisamehe. Sheria ni sheria. Hili ndilo langu."

Asheri alinyoosha mkono kama anayetaka kulipokea, kisha akaushusha.

"Kuna nini?" Mzee Mselem aliuliza.

Ruthi ndiye aliyejibu. "Ni la marehemu shemeji yangu. Walilitengeneza wawili, kwa kasha la mama yao."

Haji aliliondoa kifuani upesi, kama aliyeshika mtoto wa watu bila ruhusa. "Sikujua, Bwana Asheri. Basi nipe la pili. Nalo ni zuri, nimelisikia. Hakuna atakayenilaumu wala kukulaumu."

Njia ilikuwa wazi, na watu wema walikuwa wameifungua. Wengi wetu tungepita na kushukuru. Asheri aliitazama shingo ile ya rangi mbili, mahali walipoungia pamoja, Noa akishika, yeye akimimina gundi.

"La pili sikio lako halikulichagua," alisema. "Nikikubadilishia leo kwa sababu ni langu, kesho nitamwambia nini mteja anayetaka nimbadilishie kwa sababu halina maua? Chukua. Lakini usilipake vanishi."

"Sitalipaka."

"Na mvua ikinyesha, lilale karibu na jiko."

"Litalala karibu na jiko."

Jumamosi iliyofuata Haji alipanda nalo jukwaani, shingo ya viraka mbele ya macho yote ya Tanga, na hakuna aliyecheka. Waliokuwa wakicheza walisimama kusikiliza, jambo ambalo mpigaji wa dansi huliona mara moja maishani, akiwa na bahati. Tangu hapo wapigaji walikuja Makorora kutoka Pangani, kutoka Korogwe, hata kutoka Mombasa, wakakaa kwenye kigoda kwa adabu. Aliyejaribu kuchungulia alikaripiwa na Haji mwenyewe, aliyependa kushinda pale: "Kaa, wewe! Mimi jicho limekwisha kunitia aibu, wataka likutie na wewe?" Na katika chumba cha kulala cha Asheri hapakutundikwa tena kitu kisichopita nyuma ya shuka.

Miaka michache baadaye Haji alihamia Mombasa, na gitaa likaenda naye. Asheri alijaribu kumtengenezea Ruthi jingine, la mkangazi pia, mbao zimelala juu ya uchaga wa jiko lao. Alilipiga Jumapili, nyuma ya shuka, kama mteja yeyote. Ruthi alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Ni zuri, Baba Lea. Mwuzie mtu."

Sheria ile ilimpa Asheri jina, kazi na nyumba ya mabati. Ilimgharimu gitaa la kaka yake, ambalo hakulishika tena, na sauti ya mkewe, ambaye tangu siku ile aliimba kanisani tu.