Ng'ombe wa Wimbo wa Nane

Acha nianze na dhambi, mengine yafuate: nikiwa na miaka kumi nilimgeuza cucu yangu, mama mzazi wa baba, kuwa ng'ombe. Sikutumia uchawi. Nilitumia Kiingereza. Ndiyo maana haya nayaandika kwa Kiswahili. Kiingereza changu kimeshafanya kazi ya kutosha katika familia hii.

Enzi zetu... na msinicheke, najua bado navaa yunifomu na Jumatatu nina mtihani wa hesabu, lakini miaka saba nayo ni enzi. Enzi zetu hapa Merrylands, mtaa wetu wa ughaibuni, watoto walikuwa watoto. Tulicheza kati, ule mchezo wa kurushiana mpira na kuukwepa, kwenye maegesho ya fleti mpaka mzee wa chini afungue dirisha na kututukana kwa lugha tusiyoijua, nasi tumjibu, "Asante, babu!" Chapati tulizila baridi kwenye treni ya Parramatta, tumezificha ndani ya jaketi wazungu wa darasani wasije wakauliza ni nini. Siku hizi kitoto cha darasa la tano kinabeba chapati shuleni kwa majivuno, tena kinaipiga picha kwanza. Sisi tuliteseka bure.

Na nyumba yetu ilikuwa na kelele. Mkenya wa rika la baba ukimkata, damu inatoka na gitaa, na baba alikuwa na bendi ya muziki wa country iliyoitwa Kofia Tatu. Walikuwa wawili. Baba mwenyewe, aliyeshinda kule Penrith akiwaogesha na kuwalisha wazee wa watu, na Papa Bahati, Mkongomani wa ghala la mizigo, aliyepiga besi huku amefumba macho kama anayeumwa jino. Wa tatu, mpiga ngoma, alihamia Perth kabla ya zoezi la pili, akasahau kofia yake. Basi kila walipopiga, kofia ilikaa peke yake kwenye kiti na mashine ikapiga ngoma. Wakienda kula, naivaa mimi. Ilinifika puani.

Albamu yao ya kwanza, *Treni ya Penrith*, walirekodi gerejini mwetu, blanketi zimetundikwa ukutani, mama amezima friji isingurume. Nyimbo nane. Saba zilikuwa za kawaida: treni, zamu, mapenzi, treni tena. Wa nane uliitwa "Udongo Sikuushika".

Cucu alifariki wakati karatasi za baba za kukaa nchi hii hazijatoka. Angeondoka, asingerudi. Kwa hiyo alivaa suti, akaketi wima kwenye kochi, akayatazama mazishi kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya tomato sosi. Jeneza lilipoanza kushuka, picha ikaganda. Iliporudi, watu walikuwa wanakula. Kwetu mtoto huchukua konzi ya udongo akammwagia mzazi wake kaburini, na hiyo ndiyo kwaheri. Baba hakuipata. Akatunga wimbo uwe kwaheri yake:

*Nyota alitoka zizini, mama, ndipo nami nikatoka;*
*leo umetoka wewe, na udongo sikuushika.*

Nilijua Nyota alikuwa ng'ombe wa cucu. Sikuuliza zaidi.

Baba alinipa daftari la mashairi. "Wewe Kiingereza chako ni cha hapa," alisema. "Waeleze wazungu kila wimbo unasema nini, tuchapishe kwenye kijitabu cha CD. Huo wa mwisho, mimi siwezi kuuandikia."

Saba nilizieleza vizuri, kwa tabu, ulimi nje. Wa nane ulinikuta nimechoka, mpira unadunda huko maegeshoni. Nikaandika: huu ni wimbo wa mwanamume anayemlilia ng'ombe wake mpenzi, Nyota, aliyekufa kwa kula gazeti. Nikacheka mpaka nikaanguka kwenye zulia. Nilikuwa nitaufuta utani huo, haki ya Mungu. Baba akaingia na yunifomu ya kazi, akavuta kompyuta.

"Husomi kwanza?" nikamuuliza.

"Nisome nini? Si wewe ndiye msemaji wetu?"

Akatuma kwa mchapishaji. Mdomo huu, ambao walimu wote wa shule yangu wameshindwa kuufunga, siku ile ulijifunga wenyewe.

Uzinduzi ulifanyika ukumbi wa kanisa hapo Merrylands. Kijitabu hakuna aliyekifungua, nani kati ya wenzetu alihitaji tafsiri? Wimbo wa nane ulipofika, kina mama manesi walilia na sahani za pilau mapajani. Mmoja alisimama, akaenda kwenye chungu cha maua pale mlangoni, akachota udongo, akamwekea baba kiganjani. Baba alimaliza kuimba amefumba ngumi, Papa Bahati akipiga besi peke yake. Nikajiambia, basi imepita, hakuna atakayesoma.

Lakini mtangazaji mmoja mzee wa redio ya mtaa, mpenzi wa country, alisoma. Alikisoma hewani akicheka, akaupiga wimbo, watu wakapiga simu aurudie. Sisi tuliukuta redioni umeshaanza, tukiwa ndani ya gari. Baba aliongeza sauti mpaka vioo vikatetema. "Unasikia?" aliniambia. "Cucu yako yuko redioni." Nikatazama nje.

Klabu moja ya Penrith ikawaalika Jumapili mchana. Mama alikuwa zamu hospitalini, nikaenda mimi, mbeba nyaya. Ukumbi ulijaa wazee wa kizungu na wajukuu wao. Baba alipofumba macho kuanza wimbo wa nane, meza ya mbele ikalia: muuu! Kisha ukumbi mzima. Mtoto mmoja akainua ng'ombe wa pamba. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wameupenda wimbo, na hapo ndipo ubaya ulipo.

"Banachekea nini?" Papa Bahati alinong'ona.

Baba aliimba mpaka mwisho, na kila alipotaja mama, waliongeza sauti.

Baadaye bibi mmoja alimletea kijitabu atie sahihi, akamwonyesha na mahali: pale pale, chini ya ng'ombe. "Pole sana kwa ng'ombe wako," alimwambia. "Lilikuwa gazeti gani?" Baba akavaa miwani. Alisoma polepole, kama asomavyo mtu majibu ya hospitali. Akatia sahihi. Akamshukuru.

Garini Papa Bahati aligeuka akanitazama. "Mutoto, ni weye uliandika vile?"

"Ndiyo, Papa."

"Ee, Mungu."

Baba aliwasha indiketa tukitoka pale, akasahau kuizima. Ilituimbia tik, tik, tik mpaka Merrylands.

CD ziliisha zote. Ilipendwa sana, ile albamu. Kofia Tatu haikupiga tena.

Siku hizi mdogo wangu akitaka tafsiri anaiuliza simu, na simu haijui utani, nashukuru. Ila nyumba imenyamaza. Kila mtu na visikizio vyake, hakuna anayemwambia mwenzake azime friji. Zamani mama aligonga ukuta wa gereji na mwiko, "Punguzeni, kuna watu wametoka zamu!" Sasa ukuta haugongwi. Mara nyingine naingia gerejini, kofia tatu zimepangana kwenye kiti, najaribu ile ya mpiga ngoma. Inanitosha kabisa. Natamani ingenifika puani.

Lakini nilisema nitakiri yote. Jumapili ile Papa Bahati alimweleza mama mlangoni, kisha akaenda zake. Mama aliingia jikoni na yunifomu yake ya unesi, akasonga ugali bila kunitazama. Nilisimama nikingoja mwiko unishukie kichwani. Aliuipua ugali, akaufunika, akaniuliza kwa nini ng'ombe. Nikasema, kwa sababu Nyota yumo kwenye wimbo.

Mama akasema, "Cucu yako alikuwa na ng'ombe mmoja tu, akamuuza ili baba yako apate tikiti ya kuja huku. Nenda ukamwite, chakula kinapoa."